Je, Subira ni Sifa ya Mtu Mmoja?

Miongoni mwa sifa ambazo washairi na wahubiri wetu wamezitukuza tangu zamani, ni chache zinazotajwa mara nyingi kama subira. Tunawafundisha watoto kwamba subira huvuta heri na kwamba ndiyo ufunguo wa faraja. Na tunapotaka kumtia mgonjwa moyo, humkumbusha Ayubu. Walakini ni nadra kujiuliza subira hiyo inakaa wapi. Je, ni mali ya moyo wa yule anayeteseka peke yake, kama ilivyo rangi ya macho yake? Ama ni kitu anachokopeshwa na wengine? Swali hili si la mchezo, maana jibu lake ndilo linaloamua nani alaumiwe siku subira inapokwisha.

Nimependa kulijadili kwa mfano wa hali ninayoijua mwilini mwangu, nayo ni kupinda kwa uti wa mgongo, ambako madaktari hukuita skoliosisi. Kiswahili kina neno kibiongo, lakini kibiongo ni mwenye mgongo uliotokeza nyuma, na huenda chanzo chake kikawa kifua kikuu cha mifupa. Skoliosisi ni jambo jingine. Uti huenda upande, mithili ya herufi S au C, na papo hapo pingili zake hujizungusha, hata mbavu za upande mmoja zikainuka. Huhesabiwa kuwa skoliosisi pembe yake inapofika nyuzi 10, kwa kipimo kilichoelezwa na daktari wa Marekani, John Cobb, mwaka 1948. Katika kila vijana 100 wanaobalehe, wawili au watatu huwa nayo, na kwa wasichana ndiko pembe huzidi kukua. Kwa walio wengi, kama wanane katika kila 10, chanzo hakijulikani. Si mkoba wa shule, si kuketi vibaya, si ndoo ya maji kichwani, wala si dhambi ya mzazi.

Mimi nakaa Gatsata, kaskazini mwa jiji la Kigali, kwenye mtelemko unaoelekea Nyabugogo, mahali palipojulikana sana kwa mafundi wa magari. Fundi mmoja jirani yangu aliwahi kuniuliza kwa nini madaktari hawaunyoshi mgongo kama yeye anavyonyosha chesisi. Ni swali la haki. Jibu ni kwamba chesisi haikui. Mgongo wa mtoto hukua, na unapokua ndipo unapozidi kupinda. Kwa hiyo kazi ya lile vazi gumu la plastiki lenye mikanda, ambalo mtoto hufungwa kiwiliwili, si hasa kunyosha bali kuzuia mpaka ukuaji ukome. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada na kutangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliovalishwa, 72 walimaliza kukua pasipo pembe kufika nyuzi 50. Kwa wasiovalishwa walikuwa 48. Watoto waliagizwa wavae saa 18 kwa siku. Waliovaa saa 13 na zaidi, zaidi ya 90 katika kila 100 walifaulu.

Naomba msomaji azitafakari saa hizo. Ni msichana gani wa miaka 13 aliye na subira ya saa 18 kwa siku, tena kwa miaka? Mimi sikuwa nayo. Wa kwanza kuuona mgongo wangu hakuwa daktari. Alikuwa mama yangu, aliyekuwa fundi cherehani. Mwaka 1996, nilipokuwa na miaka 12, alinipima gauni la sare, na pindo likakataa kukaa sawa. Akalifumua, akalishona tena, likaning'inia upande ule ule. Hapo akaiweka sindano chini, akanivua gauni, akanitazama mgongo. Tangu siku ile hadi nilipoacha kulivaa vazi lile, saa zangu zilihesabiwa na kaka yangu kwa chaki nyuma ya mlango. Chini ya plastiki huvaliwa fulana ya pamba, nayo huloa jasho. Shangazi yangu alifua fulana mbili kila siku, kiangazi na masika. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikuwa akinifunga mikanda alfajiri kabla ya kwenda kazini. Watu walinisifu mimi: mtoto mvumilivu! Nikawa nashangaa, kwani nilijua ni mikono mingapi iliyokuwa imeishika subira ile.

Bibi yangu ndiye aliyeshika upande wa imani. Mhubiri mmoja alipomwambia kwamba vazi lile ni dalili ya kutomtumaini Mungu, bibi alimjibu kwa neno la Kinyarwanda ambalo sijalisahau. Kuragira ni kuchunga mifugo. Kuragiza ni kumkabidhi mwenzako akuchungie. Basi akamwuliza: ng'ombe uliyemragiza jirani, huendi kumtazama? Kwake yeye, kumkabidhi Mungu mtoto hakukuwa kuondoa mkono. Alisali kila usiku, na kulipokucha aliuliza chaki imefikia alama ya ngapi. Naona hapa ndipo mstari unapopita kati ya imani inayotia nguvu na ile inayolemaza. Ya kwanza huamka pamoja nawe. Ya pili hukwambia usubiri, kisha huenda zake.

Na huyo Ayubu tunayemtaja, hebu tumsome vizuri. Katika Biblia hanyamazi. Analalamika na kuhojiana na Mola wake kwa sura nyingi, na mwisho Mungu hamkasirikii yeye bali rafiki zake waliojifanya kumtetea Mungu. Katika masimulizi ya Kiislamu, ambayo washairi wetu wa Pwani waliyatungia utenzi, yuko mkewe Rehema, aliyebaki naye watu wote walipomkimbia, akamhudumia na kumtafutia riziki. Sisi tunasema subira ya Ayubu. Sijasikia mtu akisema subira ya Rehema, ingawa yeye hakuwa na ugonjwa uliomlazimisha kukaa.

Upo pia mchango wa lugha, nao unatuhusu sisi walimu. Kiswahili kimewaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kibiongo katika ngeli ya kiti na kisu. Kinyarwanda nacho kilikuwa na neno ikimuga, ambalo siku hizi linaachwa na mahali pake husemwa mtu mwenye ulemavu. Wapo wanaoona katika ngeli hiyo dharau tupu. Mimi nasita kidogo, maana ngeli hiyo hiyo imewabeba kijana na kiongozi. Tena upatanisho wa sarufi humrudisha mtu kwa watu, kwa kuwa twasema kiwete amefika, wala si kiwete kimefika. Lakini mtoto anayeitwa kibiongo uwanjani hasikii sarufi. Asikiacho ni kicheko. Na methali tunayomtetea nayo, hujafa hujaumbika, ingawa ni njema, humtetea kwa hofu: usimcheke, yaweza kukufika nawe. Heshima ya namna hiyo ni haba, kwani anayeitoa bado anajifikiria mwenyewe.

Sasa lipo pingamizi zito, nami sitaki kulikwepa. Ikiwa subira hukopeshwa na jamaa, asiye na jamaa akakope wapi? Darasani mwetu mwaka ule wa 1996, miaka miwili baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, walikuwamo watoto ambao hawakuwa na mama wa kupima pindo wala kaka wa kushika chaki. Kama mmoja wao alikuwa na mgongo kama wangu, nani angeuona? Kumwambia mtoto yule kwamba familia ni nguzo ni kumwongezea jeraha.

Jibu moja lilikuwapo nchini tangu mwaka 1960. Padri Joseph Fraipont, Mbelgiji, alianzisha huko Gatagara, karibu na Nyanza, makao ya watoto wenye ulemavu, wakipata humo matibabu ya viungo pamoja na masomo. Alichukua jina la Ndagijimana, ambalo limetokana na kitenzi kile kile cha bibi yangu: nimemkabidhi Mungu. Alifariki mwaka 1982, na makao yale yapo hadi leo. Linalonivutia ni kwamba mtu aliyejiita hivyo hakukaa akisubiri. Alijenga vyumba, akatafuta mafundi wa kutengeneza viungo bandia na magongo, akawakusanya watoto ambao wengine walikuwa wakifichwa nyumbani. Wale waliokuwa wageni kwao wakawa jamaa. Kwa hiyo ukoo si lazima uwe wa damu. Ila lazima awepo mtu.

Na kwa siku nyingi za juma, mtu huyo aliye karibu na mtoto ni mwalimu. Kipimo cha awali hakihitaji mashine. William Adams, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alikieleza mwaka 1865: mtoto asimame miguu pamoja, ainame mbele mikono ikining'inia, nawe ukae nyuma yake utazame kama upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine. Hakimalizi hata dakika moja, na katika kipindi cha michezo mwalimu wa kike aweza kuwatazama wasichana wote faraghani. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2007 inawalinda watu wenye ulemavu, lakini sheria haitazami pindo la gauni.

Muhula uliopita nilimpeleka hospitali mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka 12. Anayemlea ni dada yake mwenye miaka 19, muuza mboga. Daktari alieleza mambo mengi, pembe, picha na miezi ya kurudi. Dada yule alisikiliza yote akiwa kimya, kisha akauliza swali moja: fulana za kuvalia ndani zitahitajika ngapi kwa wiki?