Mti kwa mche: Ni fidia au ni kupunja kipimo?

Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda kumjulia hali mjomba wangu, mzee wa Kimwera anayeishi upande wa Nachingwea, si mbali na bonde la Mto Mbwemkuru. Nilimkuta amekaa barazani anatazama barabara. Barabara ile ilikuwa inapanuliwa, na pale mbele ya nyumba, ambapo tangu utoto wangu palikuwa na msitu, palikuwa peupe, udongo mwekundu mtupu na marundo ya kifusi. Sikujua kama nimpe hongera au pole, nikampa vyote viwili. Akacheka. "Mpwa wangu," akasema, "mikorosho yangu sita wameihesabu na fedha yake nimeipata, alhamdulillah. Lakini ule mtondoro wa mizinga hawakuuona kabisa."

Mtondoro ule hakuupanda yeye. Aliukuta porini, na tangu ujana wake alikuwa akitundika mizinga yake ya nyuki humo. Asali yake imetusomesha baadhi yetu. Mthamini alipopita aliandika mikorosho kwa sababu ina mwenyewe. Mtondoro akauacha kwa sababu ni mti wa porini. Mjomba alipouliza, alijibiwa kwa upole kabisa kwamba miti ya porini fidia yake ni miche, nayo itapandwa mahali pengine, kwenye viwanja vya taasisi. Mzee akauliza swali moja tu: "Na nyuki nao watapelekwa huko huko?"

Watu waliokuwepo walicheka, nami nilicheka niliposimuliwa. Lakini usiku sikupata usingizi mzuri, kwa sababu mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu na swali la mzee ni swali la fiqhi. Mtu akikata, kwa sababu ya haki, mti uliokuwa ukiwanufaisha watu, ndege na wadudu, kisha akapanda miche mahali pengine, je, amelipa deni lake?

Nisieleweke vibaya. Sipingi barabara, na Muislamu wa kusini hawezi kupinga barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam na Lindi ilikuwa inategemea kivuko cha Mto Rufiji, na masika yakichachamaa abiria walilala njiani siku kadhaa. Shangazi yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa mvua, gari likanasa kwenye tope kabla halijafika njia kuu ya kwenda hospitali ya Ndanda. Mtoto hakuwahi kulia. Yeyote anayekaa mjini penye lami akawaambia watu wa Ruangwa na Nachingwea kwamba msitu wao ni mzuri hivyo wabaki na vumbi, huyo hana huruma.

Na dini yetu haikuacha jambo hili bila mwongozo. Katika Sahihi Muslim imo hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) anaeleza kuwa alimuona mtu akistarehe Peponi kwa sababu ya mti alioukata njiani, mti uliokuwa ukiwaudhi wapitao. Mtu amepata Pepo kwa kukata mti! Aidha, vitabu vya historia vinasimulia kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alipoupanua Msikiti wa Makka, alinunua nyumba zilizouzunguka akazibomoa, na wale waliokataa kuuza thamani ya nyumba zao iliwekwa kando kwa ajili yao. Maslahi ya wengi yana nafasi yake, na fidia ni sharti lake.

Lakini iko hadithi ya pili, nayo imo katika Sunan Abu Daud, inayomtishia adhabu kali mtu aliyekata mkunazi. Ulamaa wamejadili daraja yake, na Abu Daud mwenyewe alipoulizwa alifafanua kuwa kinachokusudiwa ni mkunazi wa jangwani ambao msafiri na wanyama wanapata kivuli chini yake, kisha mtu akaukata kwa upuuzi na dhulma, bila haki yoyote. Ziweke hadithi hizi mbili pamoja, ndugu msomaji, utaona kuwa zote zinazungumzia mti mmoja na njia moja na msafiri mmoja. Anayeangaliwa ni yule anayenufaika au kudhurika. Wala hakuna mahali ambapo mti umeulizwa kama una hatimiliki. Mkunazi wa jangwani hauna mwenyewe, na bado una haki. Basi ile hoja ya kwamba mtondoro wa mjomba hauna mwenyewe, mbele ya Allah (s.w.) haina uzito iliyopewa kwenye fomu.

Sheria yetu ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Watu wengi mjini wanaijua kwa alama za X zilizochorwa kwenye kuta zao. Huko vijijini nyongeza hiyo ya mita 7.5 kila upande ni hekta moja na nusu kwa kila kilometa. Barabara ya kilometa 50 ni hekta 75. Hazifyekwi zote wala zote si msitu, lakini ongeza hapo machimbo ya kifusi, kambi ya mkandarasi na njia za mchepuko. Nyumba ina fidia kwa utaratibu wake, mkorosho hali kadhalika. Msitu wenyewe unalipwa kwa ahadi ya kupanda miche.

Mafakihi walipozungumzia dhamana ya kitu kilichoharibiwa, walitofautisha kitu chenye mfano wake na kisicho na mfano. Ukimwaga gunia la mtama la mtu utalipa gunia la mtama. Ukiharibu kisicho na mfano utalipa thamani yake. Sasa mti wa miaka themanini, mfano wake ni upi? Mpingo, ambao ndio fahari ya misitu ya Lindi na ndio unaotengenezwa zumari na klarineti za Ulaya, huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Mche wenye majani manne ndani ya kifuko cha nailoni hauwezi kuitwa mfano wake, wala thamani yake. Ni ahadi tu, na ahadi ni deni.

Hapa ndipo ninapokumbuka Suratul Mutaffifin, aya zile tatu za mwanzo. Wanafunzi wangu wote wanazijua, na wote wakiulizwa zinamhusu nani hujibu: muuza duka. Allah anawaonya watu wanaotaka kipimo kijazwe wanapopokea, na wanapowapimia wengine wanapunguza. Tunapochukua msitu tunapima kwa mti mzima na mbao zake, kivuli chake na ardhi yake. Tunapolipa tunahesabu vifuko vya miche. Ukisema mti mmoja kwa miche mitano, inasikika kama ukarimu mkubwa, umelipa mara tano! Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama miche yote mitano ingekuwa hai, na kama nyuki wangekubali kusubiri.

Tena tunahesabu sehemu iliyofyekwa na greda peke yake. Kusini tunayo kumbukumbu nzito ya jambo hili. Baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa, magogo yalianza kumiminika kutoka Rufiji, Kilwa na wilaya za jirani, mengine yakienda bandarini kusafirishwa nje. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu biashara ile ya mbao ilieleza kuwa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa na serikali kuu na wilaya yalikuwa yakipotea. Daraja halikukata hata mti mmoja kati ya hiyo. Lilifungua mlango tu, na hakuna aliyewekwa mlangoni. Je, magogo yale yaliingizwa kwenye hesabu ya fidia ya mradi gani? Na sisi wa mjini tusijitoe, maana mkaa ulioteremka na malori yale yale tulipikia futari, na mbao za mninga zimo kwenye vitanda vyetu na, Allah atusamehe, kwenye milango ya misikiti yetu. Sijawahi kusikia kamati ya msikiti ikiuliza mlango umetoka msitu gani. Nilikuwa kwenye kamati kama hiyo, sikuuliza.

Wazee wa Nachingwea wana kisa cha kale zaidi, cha mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita. Kongwa, Urambo na Nachingwea pori lilisafishwa kwa matrekta, reli ikajengwa na bandari ya Mtwara ikajengwa, na Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango ule. Reli yenyewe baadaye iling'olewa. Zama zile hakuna aliyetaja fidia ya mti. Sisi tunaitaja, kwa hiyo tumepiga hatua, nakubali.

Ila kutaja si kutekeleza. Majirani zetu wa Uganda walipojenga bwawa la Bujagali katika Mto Nile, lililozinduliwa mwaka 2012, maporomoko ya pale yalizama. Serikali ilikuwa imekubaliana na Benki ya Dunia kwamba eneo la Kalagala, chini kidogo ya mto, litatunzwa kama badala yake. Likaja bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, na maji yake yakafunika sehemu ya eneo lile lile lililowekwa kuwa badala. Fidia nayo imehitaji fidia. Sisemi haya kuwasuta Waganda. Nataka tuone kwamba anayeahidi leo mara nyingi siye atakayekuwepo miaka kumi baadaye, na mti unahitaji mtu wa miaka kumi baadaye.

Sasa niseme lililonikosesha usingizi. Shule ninayosomesha, hapa mjini, ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizopewa miche ya fidia kutokana na upanuzi wa barabara moja. Siku ya kupanda kulikuwa na mgeni rasmi, fulana na maji ya chupa. Tulipanda mwishoni mwa Mei, masika yanaondoka, kwa kuwa ndiyo siku mgeni alipopata nafasi. Nilisoma dua. Nikatoa mawaidha juu ya hadithi ya Anas (r.a.) kwamba kila anachokula mtu, ndege au mnyama kutokana na mti alioupanda Muislamu, kwake ni sadaka. Kisha, kwa niaba ya shule, nikasaini fomu ya kupokea miche 300.

Niliporudi kutoka kwa mjomba nilichukua wanafunzi wawili tukahesabu. Miaka mitatu imepita. Iliyo hai ni 11, na miwili kati ya hiyo imekatwa vilele na mbuzi. Katika taarifa ya mradi ule, bila shaka, imeandikwa miti 300, na chini yake iko saini yangu. Yaani mimi ndiye niliyetoa ushahidi kwamba deni limelipwa. Greda lilifanya kazi yake na mthamini akajaza fomu yake kama alivyoagizwa. Aliyeandika kisicho kweli ni ustadhi.

Nilimpigia simu mjomba nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe malipo ya mtondoro wangu unayapokea wewe?" Alikuwa anatania, kwa kuwa barabara hizo mbili hazihusiani. Lakini sijui kama mahali fulani hakuna mwalimu mwingine aliyesaini kwa ajili ya mtondoro ule.

Kwa maoni yangu, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, miche haifai kuhesabiwa kuwa fidia siku inapopandwa. Ihesabiwe baada ya miaka mitatu au minne, iliyo hai tu, na fedha ya kupandia isitoke yote mpaka hesabu hiyo ifanyike. Ipandwe kwa waliopoteza, katika kijiji kile kile, na iwe ya aina zile zile au yenye faida ile ile. Mitiki inaota haraka na inapendeza kwenye picha, lakini haimrudishii mrina asali alichopoteza. Na kabla greda halijafika, mthamini atembee na wazee, aandike kila mti wa porini unaojulikana nani anaufanyia nini, huu wa mizinga, ule wa dawa, na ule mwingine ambao watu hukutana chini yake. Kazi hiyo haiongezi hata mwezi mmoja kwenye mradi. Kama mti hauna budi kukatwa, ukatwe, na mizinga ihamishwe kwanza kwa gharama ya mradi kama inavyohamishwa nguzo ya umeme.

Nami nimeandika barua kwa waliotuletea miche, nikawaeleza idadi halisi. Bado hawajajibu. Masika yakianza, inshaAllah, tutapanda kwenye nafasi zile 289. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza atapewa wake na jina lake litaandikwa kwenye daftari, nalo litakaa kwangu pamoja na daftari la mahudhurio.