Ushahidi wa Mawe

Wako wasemao kuwa kutafuta umri wa mawe ni kuingilia ilimu ya Mwenyezi Mungu. Yafaa watazame kwanza kuta za nyumba zao. Jiwe la matumbawe lililojengewa Mombasa ya kale limejaa makombe na alama za viumbe vya baharini, ilhali sehemu kubwa yake lilichimbwa nchi kavu. Wenye ilimu hii wameupima mwamba wa pwani yetu, wakauona ni wa miaka kama 125,000, zama ambazo bahari ilipita kimo cha leo kwa mita kadhaa.

Je, hii ni kufuru? Al-Biruni, katika karne ya 11, aliandika kuwa wachimbao visima katika jangwa la Arabuni hukuta makombe, akahukumu kuwa palikuwa bahari. Na aya ya 20 ya Suratul-Ankabut yatuamrisha tutembee tutazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Kwa nini basi kijana aulizaye haya chuoni ajibiwe kwa kiboko?

Husemwa kuwa wataalamu hubadili hesabu zao. Ni kweli. Kadhi naye huweza kukosea hukumu, wala hapana aliyesema kwa hilo mashahidi wasisikilizwe.