Kiapo cha Mwalimu Kituoni



Mwalimu mmoja kijana, tuliyemfundisha zamani chuoni, alitusimamisha baada ya Ibada. Aliwahi kusimamia kituo cha kupigia kura huku Kariakoo. Aliomba kazi hiyo mwenyewe, kwa sababu ya posho (wala hilo si dhambi, maana watoto wanataka karo). Kabla ya kuanza aliapa kutunza siri, akatamka kwamba si mwanachama wa chama chochote. “Lakini, Mwalimu,” alituuliza, “aliyenisimamia uchaguzi ndiye mkubwa wangu wa kazi. Kiapo kile kilikuwa changu au chake?”

Swali kama hili limekwisha kufika mahakamani, ingawa halikupelekwa na walimu. Tarehe 10 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubali shauri la Ndugu Bob Chacha Wangwe, kwamba wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais, wasiwe wasimamizi wa uchaguzi. Tarehe 16 Oktoba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, ikiona kwamba kinga zilizomo katika sheria zatosha. Kiapo ni mojawapo ya kinga hizo.

Huko India nako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2007 kwamba walimu wapewe kazi za uchaguzi siku za mapumziko na siku zisizo za masomo. Hayo yalihusu vipindi vya watoto. Kijana wetu aliuliza habari ya dhamiri.

Kanuni ya mwisho katika zile Kanuni 39 za Kanisa letu yamruhusu Mkristo kuapa mwenye mamlaka anapomtaka, mradi jambo lenyewe liwe la haki na kweli. Basi kiapo ni cha mwenye kuapa, hata kama kalamu na karatasi ni za mkubwa. Lakini twaona pia kwamba sheria inayoegemea kiapo yapasa kumlinda anayekishika.

Twakumbuka Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 1995. Vifaa vilichelewa hapa Dar es Salaam, na kura za jiji zima zikafutwa, zikarudiwa tarehe 19 Novemba. Katika foleni, juani, mzee mmoja muuza nazi alituambia hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa waliokaa mezani ni walimu wa wajukuu zake. Hakuitaja Tume wala sheria. Dhamana yake ilikuwa nyuso anazozijua.

Tukamwuliza yule kijana: kama mkubwa wako angekuamuru utie sahihi matokeo yasiyo ya kweli, ungekataa, kisha ukarudi darasani?

Alifikiri kidogo. “Ningekataa, Mwalimu. Na darasani ningerudi, ila labda si hapa Kariakoo.”