Adabu za Mgeni wa Saadani

Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko pwani ya Tanzania bara, kati ya Bagamoyo na Pangani. Lilikuwa pori la akiba hadi lilipopandishwa hadhi mwaka 2005, na humo nyika hushuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Kwa siku moja mgeni hupita kwa tembo, kwa wavuvi na kwa kasa, na kila mwenyeji ana hodi yake.

Adabu huanzia kwenye kalenda. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mbuga hunata na gari hukwama. Anayeng'ang'ania kwenda huwaachia askari wa hifadhi kazi ya kumkwamua. Vibali hulipiwa mapema. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani, kwani imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Njiani honi haipigwi, na hakuna kushuka garini ila mahali paliporuhusiwa. Tembo akitanua masikio na kutikisa kichwa, amekwisha kusema. Dereva hurudi nyuma taratibu, picha ipatikane isipatikane. Kwenye boti ya Mto Wami mikono hukaa ndani, maana mamba huonekana gogo mpaka gogo lisogee.

Kijijini Saadani watu huishi kwa bahari, na kamba wa hapo wana sifa. Mgeni husalimia kwanza: wakubwa shikamoo, wengine habari za leo, halafu ndipo aulize bei. Kupatana bei ni haki yake. Kumpiga picha mvuvi aliyeinama kwenye nyavu bila kumwomba si haki yake. Nguo za kuogelea huishia ufukweni. Mwezi wa Ramadhani chupa ya maji hainywewi barabarani mchana, hata kama hakuna atakayemkemea.

Kwa kasa ndiko wageni wengi huharibu, tena kwa mapenzi. Kasa wa kijani hupanda ufukwe wa Madete usiku, huchimba kwa mapezi ya nyuma na kutaga mayai yanayoweza kupita mia. Kabla hajaanza kutaga, tochi au kishindo humrudisha majini na mayai yake tumboni. Kwa hiyo mtazamaji hufuatana na mwongozaji, hukaa nyuma ya kasa, huzima simu na kunyamaza. Baada ya miezi miwili hivi vifaranga hutoka na kufuata upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa ya kambi huwapeleka vichakani. Kifaranga habebwi mpaka majini, hata kwa huruma. Njia husafishwa mbele yake iwapo tu mwongozaji ameruhusu.

Wakati wa kuondoka taka hurudi na mwenyewe. Makombe hubaki mchangani, maana wapo kaa wadogo wanaohamia humo.