Nafasi ya Kupewa

Huko Mwakitolyo, katika Mkoa wa Shinyanga, aghalabu mwanamke haingii duarani. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, na imani ya machimboni, ambayo si ya Mwakitolyo peke yake bali imeenea ukanda mzima mpaka Geita, ni kwamba mwanamke akishuka, hasa akiwa katika siku zake, dhahabu hukimbia. Basi yeye hukaa juu. Huponda mawe kwa nyundo, huosha mchanga mwaloni, hurudia marudio ambayo wanaume wamekwisha kuyachoka, au huuza wali na maharage. Wapo wanawake wenye leseni zao, na tangu 1997 wanacho chama chao, TAWOMA. Lakini wale niliowakuta mimi, nilipofika huko miaka kadhaa iliyopita, walikuwa wa nyundo.

Nilimuuliza mmoja wao, "Mayu, na wewe waiamini habari hii?" Akanijibu bila ya kuinua kichwa: "Kaka yangu, dhahabu ikikosekana mwanaume akiwa ndani, wanasema mwamba hauna kitu. Ikikosekana nikiwa ndani mimi, wanasema nimeifukuza."

Jibu hilo lilinirudia mwaka jana, mfasiri mwenzangu aliponiletea makala ya Kimarekani na kuniuliza neno moja tulitie vipi katika Kiswahili. Asili ya neno lenyewe ni kuamka. Wamarekani weusi walilitumia tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20 kuambizana wawe macho, kwani asiyekuwa macho mbele ya dhulma aliweza kupotewa na roho. Leo limegeuzwa tusi, hutupiwa kila asemaye kwamba kazini kuwe na nafasi za wanawake, za weusi, za wenye ulemavu. Tulijaribu "walioamka". Halikufaa: kwetu sisi kuamka ni jambo jema, na tusi likakosa sumu yake. Nalo tusi hilo lina nguvu ya dola sasa. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa kwa mara ya pili, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuzifuta programu za namna hiyo katika serikali yake. Kesho yake akaifuta na amri ya Rais Lyndon Johnson ya 1965, iliyowataka wenye zabuni za serikali wachukue hatua ili ajira zao zisiwe na ubaguzi.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya Wamarekani tu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini, na papo hapo inasema kwamba hatua zichukuliwazo kwa ajili ya kukuza usawa hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Bungeni viko viti maalumu vya wanawake, na mwenye kukikalia kimoja hujua jinsi jina lile linavyoweza kutamkwa. Na sisi wa visiwani tunayo asilimia 21 yetu katika ajira za taasisi za Muungano, 79 zikiwa za Bara. Manung'uniko juu ya hesabu hiyo tumeyasikia pande zote mbili za bahari: huku kwamba haitimizwi, kule kwamba ni kubwa mno.

Wanaopinga nafasi za namna hii wana hoja, na si uungwana kuifanyia mzaha. Wanasema mtu apimwe kwa kazi yake, si kwa ukoo wake wala rangi yake. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilisema hilo. Baada ya uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, serikali yake iliwatanguliza Waafrika katika ajira, baada ya miaka ya ukoloni ambayo shule na mishahara viligawanywa kwa rangi. Januari 1964 akatoa waraka wa kuukomesha utaratibu huo: raia ni raia, wa rangi yoyote awaye. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi hawakuridhika. Tarehe 20 ya mwezi huo huo askari wa Colito wakaasi, wakidai mishahara mikubwa zaidi na kuondoka kwa maofisa wa Kiingereza. Sisemi kwamba waraka ndio uliowaasisha. (Visiwani mwezi ule kulikuwa na makubwa yake, nayo si ya makala hii.) Ninachosema ni kwamba Mwalimu hakuona haya kuutumia upendeleo, wala hakuona haya kuukomesha, na mara zote mbili aliuita kwa jina lake. Hapo ndipo ninapoachana na wapinzani wa leo. Wao huuona upendeleo pale tu unapoandikwa. Ule usioandikwa, wa mjomba na wa rafiki aliyesoma naye shule moja, huuita sifa za mtu.

Nami si mtazamaji katika jambo hili. Chuo kikuu sikukiona. Kiingereza nilikipata kwa kamusi iliyokosa jalada. Zamani kidogo niliitwa huko Bara katika jopo la wafasiri. Nilikwenda kwa furaha, nikiamini ni tafsiri zangu zilizonifikisha. Siku ya pili, wakati wa chai, mjumbe mmoja akaniambia kwa tabasamu: "Wewe ndiye asilimia yetu ya visiwani." Hakukusudia ubaya. Lakini tangu saa ile, kila neno nililolipendekeza likakubaliwa, sikujua limekubaliwa kwa uzuri wake au kwa kunistahi. Maumivu hayo ni ya kweli, na mwenye kuzitetea nafasi za kupewa akiyakana, hajapata kupewa.

Nilikaribia kujiuzulu. Kilichonizuia ni jambo dogo: siku ya tatu niligundua kwamba wajumbe wanne katika wenzangu walikuwa wanafunzi wa mwalimu mmoja, na ndiye aliyewataja. Hakuna aliyewaambia kwa tabasamu kwamba wao ni asilimia yake. Walipokosea tafsiri ilisemwa sentensi ni ngumu. Nilipokosea mimi, alikuwa amekosea mtu wa visiwani. Basi nikabaki, na kwa yale mawili matatu niliyoyatia katika kitabu kile sijutii, ingawa wasiwasi haukuniisha.

Lipo la kusikitisha zaidi. Hizi programu zinazopiganiwa na kutukanwa humkuta mtu langoni mwa mgodi mkubwa, ameshika cheti mkononi. Yule mayu wa Mwakitolyo hana lango wala cheti, na ugomvi wote huu unapita juu ya kichwa chake kama ndege wa Mwanza. Nilimuuliza, kabla ya kuagana, kama angeshuka duarani siku itakayoruhusiwa. Akacheka mpaka akaiweka nyundo chini.

"Nikafuate nini? Kule kunaua," akasema. "Mimi nataka wanapohesabu mifuko ya mawe, wahesabu nikiwepo."