Ziada ni Nini?

Je, upepo usiovunwa umepotea? Katika insha hii nalijadili swali hilo kwa mfano wa Eday, kisiwa kidogo katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Wakazi wake wanamiliki kwa pamoja mtambo wa upepo wa kilowati 900. Tangu mwaka 2013, Orkney huzalisha kwa mwaka umeme jadidifu mwingi kuliko ule unaotumika humo. Hata hivyo, nyaya zinazopita chini ya bahari kwenda Scotland bara haziwezi kuubeba wote. Upepo unapovuma sana, mtambo wa Eday hulazimika kupunguza kazi au kuzimwa, na mapato ya jumuiya hupungua.

Suluhisho lililojaribiwa ni hidrojeni. Umeme ulioshindikana kusafirishwa ulitumiwa kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ilishindiliwa katika mitungi, ikavushwa hadi bandari ya Kirkwall, na huko ikageuzwa tena kuwa umeme wa vivuko vilivyofunga gatini. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza: kutoka umeme hadi gesi, na kutoka gesi hadi umeme, zaidi ya nusu ya nishati hupotea.

Hasara hiyo peke yake hainisumbui, maana nusu ni bora kuliko kukosa kabisa. Kinachonisumbua ni neno "ziada". Orkney ni miongoni mwa sehemu za Scotland zenye kaya nyingi zinazoelemewa na gharama ya kupasha nyumba joto. Mchumia juani hulia kivulini. Lakini hawa waliochumia upeponi wamo wanaokaa kwenye baridi, kwa kuwa umeme wa majumbani wanaulipia kwa bei ya soko, si kwa bei ya upepo wao. Kwa hiyo ziada si hesabu ya fundi peke yake. Fundi hupima kilichozidi uwezo wa waya. Maadili huuliza kama wenye mali wametosheka.

Mpinzani atasema kwamba nyumba chache haziwezi kumaliza upepo wote, na kwamba chombo cha baharini hakiwezi kuburuta waya. Nakubali, na hapo ndipo mahali pa hidrojeni. Lakini katika kisiwa jirani cha Rousay, mradi wa Heat Smart Orkney ulielekeza umeme wa namna hiyo kwenye hita za majumbani, na katika hita karibu umeme wote hugeuka joto.

Msimamo wangu, basi, ni wa utaratibu: kwanza joto la mwenye mtambo, kisha mtungi. Jumuiya ikiufuata, hidrojeni itakuwa akiba ya kweli. Ikiupindua, itakuwa imetoa nje chakula cha watoto wake na kukiita makombo.