Kura Huamua Jambo, Haimhukumu Mtu

Matokeo ya uchaguzi hutangazwa siku moja, lakini maneno tuliyorushiana kabla na baada ya siku hiyo hukaa nasi miaka. Huingia mezani tunapokula, hukaa nasi kazini, hufika hata msibani, watu wakaangaliana nani kaja na nani hakuja. Nasaha yangu leo ni juu ya adabu ya kipindi hicho: aliyeshinda aseme nini, aliyeshindwa ajizuie na nini, na sisi tulio ndugu na majirani wa wote wawili tufanye nini. Mfano wangu nautoa Uskoti, kwa kuwa watu wa huko waliulizwa jambo zito kuliko la nani atawale. Waliulizwa kama nchi yao ibaki katika Muungano wa Uingereza au itoke.

Uskoti imeungana na England tangu mwaka 1707. Tarehe 18 Septemba 2014 wakazi wake waliulizwa swali moja: je, Uskoti iwe nchi huru? Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6 ya wapiga kura, wakiwemo vijana wa miaka 16 na 17 walioruhusiwa kushiriki. Waliosema Hapana walikuwa 2,001,926, sawa na asilimia 55.3. Waliosema Ndiyo walikuwa 1,617,989, asilimia 44.7. Kura haikuwa ya damu wala ukoo, ilikuwa ya ukaazi. Mkenya au Mtanzania aliyekuwa akiishi Glasgow kihalali alipiga kura, maana raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliruhusiwa. Mskoti aliyehamia London hakupiga. Waliopewa neno ni wale ambao kesho yake wangeamka na kuendelea kuishi pamoja.

Zitazame tena hizo hesabu. Kati ya kila watu kumi, zaidi ya wanne walikuwa upande mmoja na zaidi ya watano upande wa pili. Hata Glasgow, ambako Ndiyo ilishinda, karibu nusu ya waliopiga kura walisema Hapana. Hata Edinburgh, ambako Hapana ilipata asilimia 61, huenda kila ngazi ya ghorofa ilikuwa na mtu wa Ndiyo. Basi nani utamwita msaliti? Mzee aliyesema Hapana huenda alihofia pensheni yake, hajui italipwa kwa paundi au kwa sarafu gani. Kijana aliyesema Ndiyo huenda alichoka kutawaliwa na serikali za London ambazo Waskoti wengi hawakuzichagua. Wote wawili waliitakia nchi yao heri. Kura iliamua jambo walilobishania. Haikumhukumu mmoja wao kuwa mtu mbaya.

Nianze na wewe uliyeshinda, kwa sababu mzigo wako ni mkubwa zaidi. Alfajiri ya tarehe 19 Septemba kura zilikuwa zimeshahesabiwa. Muda mfupi baada ya saa moja asubuhi, Waziri Mkuu David Cameron alisimama nje ya ofisi yake ya Downing Street. Siku tatu kabla, yeye na viongozi wa vyama vingine viwili vikubwa walikuwa wametia saini ahadi kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Record, kwamba Waskoti wakibaki watapewa madaraka zaidi. Asubuhi ile alirudia kuwa ahadi itatimizwa, lakini palepale akafungua na la pili: sasa England nayo ipate haki yake, sheria za England zipigiwe kura na wabunge wa England, na mambo hayo mawili yaende kwa mwendo mmoja. Dai lenyewe lilikuwa na hoja, na ni la miaka mingi. Kilichokosekana ni subira. Watu waliokesha wakilia hawakuwa wamefuta machozi, na waliosema Hapana kwa kuiamini ile ahadi walisikia ikiambatanishwa na jambo ambalo hawakuambiwa kabla.

Ahadi ni deni, na deni hulipwa bila kuongezwa masharti. Sheria ya kuipa Uskoti madaraka zaidi ilipitishwa mwaka 2016, ila shaka ilikwisha kuingia kabla yake. Mshindi mwenye hekima humwelekea kwanza aliyeshindwa, humpa pole na kumhakikishia nafasi yake. Watu wake mwenyewe wanaweza kungoja, wao wana furaha tayari.

Tena mshindi achunge asimgeuke mtu aliyembembeleza. Mwezi Septemba Waskoti waliambiwa wasiondoke, kwamba wao ni ndugu. Machi iliyofuata, uchaguzi mkuu ukikaribia, chama cha Cameron, Conservative, kilitoa bango linalomwonyesha kiongozi wa chama cha Labour, Ed Miliband, amefanywa mdogo na kuchomekwa kwenye mfuko wa koti la Alex Salmond, aliyekuwa ameongoza kambi ya Ndiyo. Ujumbe kwa wapiga kura wa England ulieleweka: jihadharini, Waskoti watamtia mfukoni. Ndugu wa Septemba akawa tishio la Machi. Mei 2015 chama cha SNP, kinachodai uhuru, kikachukua viti 56 kati ya 59 vya Uskoti katika bunge la Westminster. Labour, iliyosimama jukwaa moja na Conservative kutetea Muungano, ikashuka kutoka viti 41 hadi kimoja. Sababu zilikuwa nyingi, lakini aliyedhani kura ya Septemba ilikuwa imemaliza maneno alijifunza kwamba watu husahau hoja upesi kuliko wanavyosahau dharau.

Sasa nije kwako uliyeshindwa. Salmond alikubali matokeo hadharani, akawataka Waskoti wote wayakubali, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba atajiuzulu. Huo ni uungwana, na anastahili kukumbukwa kwa huo. Lakini wapo wafuasi wake ambao ndani ya siku chache walikuwa wamevaa beji zenye namba 45 na kuiweka kwenye picha zao mitandaoni, kuonyesha kwamba wao ni ile asilimia 45. Naelewa uchungu wao. Mtu aliyeshindwa hutafuta wenzake apate faraja. Ila tafakari: ukitaka kushinda safari ijayo, unaowahitaji wako katika ile 55. Ukijijengea ukuta wa namba, wao watabaki nje, na kila utakalowaambia litawafikia kama lawama. Shinikiza, andika, andamana kwa amani, jipange upya. Hiyo ni haki yako na wala si ukaidi. Ila usiifanye huzuni yako kuwa kabila.

Wote wawili, mshindi na mshindwa, nawausia juu ya ulimi wakati wa kampeni. Viongozi wa Ndiyo walisema kura ile ni fursa ya mara moja katika kizazi. Walitaka watu wajitokeze kwa wingi, na walijitokeza. Lakini walipotaka kura nyingine miaka michache baadaye, neno hilo lilitolewa na kuwekwa mbele yao kila siku. Upande wa Hapana nao uliwaambia Waskoti kwamba kubaki Uingereza ndiyo njia ya uhakika ya kubaki Umoja wa Ulaya. Haikupita miaka miwili, tarehe 23 Juni 2016, Uingereza nzima ikapiga kura kutoka Ulaya kwa asilimia 51.9, ingawa asilimia 62 ya wapiga kura wa Uskoti walitaka kubaki. Hapo kila upande ulikuwa na neno la mwenzake la kumsuta nalo, na mabishano yakaacha kuwa juu ya nchi, yakawa juu ya nani alisema nini. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine ya uhuru bila ridhaa ya Westminster. Sheria ikapata jibu, lakini imani haikurudi kwa hukumu ya mahakama. Ukiwa jukwaani, sema lile tu ambalo uko tayari kusomewa miaka kumi baadaye.

Na matusi je? Mwandishi J.K. Rowling, anayeishi Edinburgh, alitoa paundi milioni moja kuisaidia kambi ya Hapana, akamiminiwa matusi mitandaoni. Mbunge wa Labour, Jim Murphy, aliyekuwa akizunguka mitaani kuhutubia, alipigwa yai mjini Kirkcaldy na kusimamisha ziara yake kwa siku kadhaa. Upande wa pili haukuwa msafi. Alistair Darling, kiongozi wa kambi ya Hapana aliyejulikana kwa upole, alimlinganisha Salmond na Kim Jong-il wa Korea Kaskazini. Jioni ya tarehe 19, kwenye uwanja wa George Square mjini Glasgow, wenye bendera za Muungano walikwenda kushangilia mahali ambapo watu wa Ndiyo walizoea kukusanyika, hata polisi wakalazimika kuwatenganisha. Darling alifariki Novemba 2023, na Salmond Oktoba 2024. Hoja walizobishania ziko palepale, na tafiti za maoni ya watu bado zinaonyesha Waskoti wamegawanyika karibu nusu kwa nusu. Wanaozibishania hupita, heri wapite wakiwa wameachiana heshima.

Lipo jambo jema huko ambalo ningependa tuliige sote. Kanisa la Uskoti lilipanga ibada ya maridhiano katika kanisa la St Giles mjini Edinburgh, Jumapili ya tarehe 21 Septemba, na lilipanga kabla haijajulikana nani atashinda. Siku ilipofika, Darling alikuwepo, na John Swinney wa kambi ya Ndiyo alikuwepo. Busara ya tendo hilo ni kutangulia. Maridhiano yakiitishwa baada ya matokeo, aliyeshindwa huyaona kama mshindi anamtaka anyamaze. Yakipangwa mapema, ni ya wote. Basi katika ukoo wako, kikundi chenu cha WhatsApp, chama chenu cha kuweka na kukopa, kubalianeni kabla ya siku ya kura: tutakutana lini baada ya matokeo, tutakula nini pamoja, na maneno gani hatutayasema.

Ninajua msomaji wa Afrika Mashariki ataniuliza: na kura ikiibwa? Swali ni la haki, wala nasaha ya kukubali kushindwa haimaanishi kumeza dhuluma. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini mshindani naye ana haki ya mwamuzi mwadilifu. Waskoti waliweza kukubali kwa sababu tangu Oktoba 2012 Cameron na Salmond walitia saini mkataba mjini Edinburgh kwamba kura itakuwa halali na pande zote mbili zitaheshimu matokeo yake. Utulivu wa Septemba ulijengwa miaka miwili kabla. Mwenye mamlaka anayehubiri amani bila kutenda haki anawadai watu kitu ambacho hajawapa. Hata hivyo jirani yako siye tume ya uchaguzi. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na wengi wao hawakuhesabu kura wala kutangaza matokeo. Hasira yako ielekeze kwa aliyekudhulumu, kwa njia ya sheria na ya wazi, si kwa muuza maziwa wa mtaani kwako kwa sababu ya jina lake.

Kumbuka pia kwamba mpanda ngazi hushuka. Katika uchaguzi wa Julai 2024, SNP iliyopata viti 48 vya Uskoti katika uchaguzi uliotangulia ilibaki na 9, na Labour iliyowahi kubaki na kiti kimoja ikapata 37. Waliokejeliwa mwaka 2015 walikuwa na nafasi ya kukejeli, na waliokejeli walikuwa na la kusikiliza. Ukishinda, sema yale ambayo ungependa kuambiwa siku ukishindwa, maana siku hiyo inakuja.

Kama yuko ndugu au rafiki uliyeacha kumjulia hali kwa sababu ya kura, mpigie leo. Usianze na siasa, wala usimtake radhi kwa msimamo wako, kwani msimamo si kosa. Muulize habari za watoto na kazi. Kama ulimtukana, hapo omba radhi kwa tusi, waziwazi, bila kuongeza "lakini na wewe". Kura yako ulishapiga na kazi yake imekwisha. Haki ya salamu aliyo nayo kwako bado hujaitimiza.